Mbegu kwa Bahasha, Asumini kwa Mkono

Erfurt

Mwezi Machi, Erfurt bado ni mji wa makoti. Miti imesimama mitupu, na asubuhi nyasi za bustani zimeshika sakitu. Hata hivyo, katika maduka ya mji huu wa katikati ya Ujerumani, pakiti za mbegu za maua zimekwisha kupangwa mbele, karibu na mahali pa kulipia. Mama mmoja aliyenitangulia kwenye foleni alichukua tatu. Moja ilikuwa ya kibaraza chake, alimweleza muuzaji; mbili zingetiwa kwenye bahasha pamoja na kadi za Pasaka, ziende kwa dada zake. Posta ya Ujerumani huihesabu barua kuwa ya kawaida ikiwa haizidi gramu 20 na unene wa milimita 5, na pakiti moja ya mbegu ndogo hupita humo bila taabu.

Hiyo ndiyo desturi niliyoifuata katika safari hii: watu wa nchi za baridi kupelekeana mbegu za maua kwa barua majira ya machipuo yanapokaribia. Niliitazama Ujerumani, Uingereza na Marekani, kisha nikaja kuilinganisha na ya kwetu Tanga, Lushoto na Arusha. Swali langu lilikuwa moja. Pwani yetu inayapenda maua kwa dhati: huvaliwa nyweleni, hutandazwa kitandani mwa bibi harusi, huuzwa kwa fungu jioni. Mbona hakuna anayepeleka mbegu zake posta?

Erfurt panafaa kuanzia, maana biashara ya mbegu hapa ni ya vizazi. Christian Reichart, aliyefariki mwaka 1775, hutajwa kuwa ndiye aliyekigeuza kilimo cha bustani cha mji huu kuwa elimu na biashara. Ernst Benary alifungua kampuni yake ya mbegu mwaka 1843. N. L. Chrestensen ilifuata mwaka 1867. Katalogi zilitoka kwa posta, oda zikarudi kwa posta, na mbegu zikaenda kwa posta.

Nyuma ya kila pakiti imechorwa miezi 12, na ile ya kupanda imetiwa rangi. Zinia: ndani ya nyumba kuanzia Machi, nje baada ya katikati ya Mei. Wenyeji wana tarehe zao za jadi, Mei 11 hadi 15, wanazoziita siku za watakatifu wa barafu. Wa mwisho ni Sofia, na wao humwita Sofia wa baridi. Kabla hajapita, mkulima mwenye akili hatoi mche laini nje, kwa sababu usiku mmoja wa sakitu unatosha kuuangamiza.

Hapo nilianza kulielewa jambo. Maua mengi yanayouzwa kwa pakiti, kama zinia, kosmosi na alizeti za mapambo, ni ya msimu mmoja tu. Baridi ikija huyaua na mizizi yake, na bustani ya mwaka unaofuata huanza tena kwenye mbegu. Nchi ya namna hiyo inahitaji mbegu kila mwaka, ina tarehe inayojulikana ya kuzipanda, na ina miezi mirefu ya kukaa ndani watu wakiingoja tarehe hiyo. Pakiti inayofika mlangoni mwezi Machi humkuta mpokeaji akiwa tayari. Haihitaji hata maelezo.

Katika duka lile lile kulikuwa na meza ya maua ya chungu, na kati yake lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Wajerumani hulitaja kwa jina la milima yetu ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalipa ua hilo jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Benary wa hapa Erfurt akazizalisha mbegu na kuzitawanya sokoni. Njia yenyewe ilikuwa mpya: safari za meli za kampuni moja ya Hamburg kuja pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa zimeanza mwaka 1890 tu.

Mbegu za ua hilo ni vumbi la kahawia. Mamia yake yanaenea kwenye ncha ya kijiko. Kwa hiyo mojawapo ya maua ya chungu yanayojulikana zaidi duniani liliondoka Tanga kwa njia ile ile niliyoijia Erfurt kuitazama: mtu kuwapelekea jamaa zake mbegu. Jina la kisayansi likabeba ukoo wa aliyepeleka. Watu wa Usambara, walioishi na ua hilo kabla hajafika, hawamo.

Reading na London

Waingereza wana sababu yao nyingine ya kupenda mbegu za barua, nayo ni posta yenyewe. Kabla ya mwaka 1840 barua ililipiwa kwa umbali, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji. Rowland Hill akaja na wazo la kulipia mapema kwa bei moja nchi nzima: barua isiyozidi nusu aunsi, peni moja. Mwaka huo huo reli ya kutoka London ikafika Reading, mji uliokuwa na kampuni ya mbegu ya Suttons tangu 1806. Peni moja na gari-moshi vikaifanya Suttons imwuzie mkulima wa bustani aliye mbali asiyewahi kuliona duka lake.

Mpaka leo barua ya Uingereza hupenyezwa kwenye upenyo wa mlango wa nyumba ya mtu. Hili si jambo dogo kwa mbegu. Pakiti haisubiri siku kadhaa ndani ya sanduku la bati juani. Inaangukia sebuleni, mahali pakavu na baridi. Adui aliyebaki ni mashine ya kuchambulia barua, ambayo huipitisha bahasha kati ya magurudumu. Mbegu ndogo husalimika. Alizeti na jamii ya maharage husagika, na ndiyo maana wazoefu huzitia kwenye bahasha yenye kifuko cha hewa na kulipia daraja la barua kubwa.

Chama cha kifalme cha kilimo cha bustani, RHS, kina utaratibu unaofaa kuigwa. Mbegu zinavunwa katika bustani za chama, zinasafishwa, kisha wanachama wanaagiza kutoka kwenye orodha na kuletewa nyumbani kwa posta kabla ya majira ya kupanda. Mwanachama mmoja wa London alinionyesha pakiti zake: karatasi nyeupe, jina la mmea, mwaka wa mavuno, basi. Hazikuwa na picha hata moja. “Picha huuza,” aliniambia, “lakini mwaka ndio unaoota.”

Kauli hiyo niliielewa vizuri zaidi niliposoma kazi ya benki ya mbegu ya Wakehurst, iliyofunguliwa Sussex mwaka 2000 chini ya Bustani ya Kew. Huko mbegu hukaushwa kwenye chumba cha nyuzi 15 za joto na unyevu wa hewa wa asilimia 15, kisha hugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Wataalamu wana kanuni ya mkato: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, uhai wake huongezeka karibu mara mbili; joto la ghala likipungua kwa takribani nyuzi 5, vivyo hivyo. Mtu wa pwani akiisoma kanuni hiyo anajua mara moja mwenye bahati ni nani. London, ghala la mbegu ni droo ya jikoni. Tanga, hewa yenyewe inazilowesha.

Kew kuna deni jingine la kwetu. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyeishi Zanzibar miaka mingi, alipeleka huko mimea mingi ya Afrika Mashariki. Mmoja ni ua la kivulini ambalo Joseph Hooker alilitangaza mwaka 1882 kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Wazao wa ukoo wa ua hilo hupandwa kila mwaka katika vibaraza na makopo ya madirishani kote Ulaya. Wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba bahari liliyoivuka ni ya Hindi.

Jambo moja limebadilika karibuni. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha usafi wa mimea kwa mbegu zinazoingia kutoka nje, na tangu Januari 1, 2021 Uingereza yenyewe ikawa nje. Pakiti ya London kwenda Dublin, safari ya kisiwa kwa kisiwa, sasa ni uingizaji wa mimea kutoka nchi ya kigeni. Cheti chake kina gharama kubwa kuliko pakiti yenyewe. Wapenzi wa bustani waliozoea kupelekeana mbegu kila Machi wamebaki kupelekeana kadi.

Pennsylvania na Iowa

Marekani mbegu ya barua iliwahi kuwa siasa. Kuanzia mwaka 1839, Bunge lilipotenga dola 1,000 kwa ofisi ya hataza ikusanye na kugawa mbegu, wabunge walikuwa wakiwapelekea wapiga kura wao pakiti za bure, za mboga na za maua, bila hata kulipa stempu. Mkulima wa mbali alijua kwamba machipuo yamekaribia alipoona jina la mbunge wake kwenye bahasha. Wafanyabiashara wa mbegu walilalamika kwa miongo, na ugawaji huo ukafutwa miaka ya 1920.

Wakati huo biashara yenyewe ilikuwa imekua. W. Atlee Burpee alianza Philadelphia mwaka 1876, akiwa kijana wa miaka 18. Shamba lake la majaribio, Fordhook, liko Doylestown, mwendo wa saa moja hivi kaskazini. Serikali ilianza kufikisha barua mashambani mwaka 1896, na huduma ya vifurushi ikaanza Januari 1, 1913. Katalogi ya Burpee hufika theluji ingali nje, na familia nyingi huisoma kwa zamu, kila mmoja akitia alama ya kalamu penye ua lake.

Katika habari za Burpee, niliyoipenda kuliko zote ni ile ya ua jeupe. Mwaka 1954 kampuni ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata ua jeupe kabisa la jamii ya tagetesi, ambalo kwa kawaida ni la njano au la rangi ya chungwa. Miaka ikapita, watu wa kawaida wakiendelea kuchagua ua lililopauka zaidi bustanini, kukausha mbegu na kuzipeleka kwa posta zikapimwe. Mwaka 1975 mshindi akapatikana: Alice Vonk, mama wa mji mdogo wa Sully, Iowa. Kwa miaka 21 bahasha zilikwenda kinyume, kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji.

Iowa hiyo hiyo, katika mji wa Decorah, nilikuta namna nyingine ya kupelekeana mbegu, isiyo na muuzaji. Seed Savers Exchange ilianzishwa mwaka 1975 na Diane Ott Whealy na Kent Whealy. Chimbuko lake ni mbegu alizopewa Diane na babu yake, za ua la mtambaa linalofunguka alfajiri, la zambarau lenye nyota nyekundu moyoni. Wazee wake walikuwa wamelileta kutoka Bavaria. Wanachama huorodhesha mbegu walizonazo, wengine huziomba, na posta hufanya kazi iliyobaki. Kila mbegu ina maelezo yake: inaitwaje, ilitoka kwa nani, ilipandwa wapi, tangu lini. Ua la babu yule leo linauzwa na kupandwa kwa jina lake, Grandpa Ott. Wengine huko wamesahau majina ya babu zao, lakini la huyu wanalipanda kila Mei.

Wamarekani wamejifunza pia upande mchungu wa jambo hili. Julai 2020 watu wa majimbo yote 50 walianza kupokea pakiti za mbegu ambazo hawakuziagiza, nyingi zikiwa na alama za posta ya China, na baadhi zimeandikwa nje kwamba ni vito. Wizara ya Kilimo iliwataka wasizipande wala kuzitupa, bali wazikabidhi. Zilizochunguzwa zilikuwa na waridi, haibiskasi, lavenda, kabichi na vinginevyo. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni ujanja wa wauzaji wa mtandaoni: kupeleka kitu chepesi kwa anwani ya kweli ili waandike sifa bandia kwa jina la mpokeaji. Serikali haikuwa inaogopa waridi. Iliogopa kirusi, kuvu au gugu linaloweza kupanda juu ya waridi hilo. Anayetaka kuingiza mbegu Marekani kwa utaratibu anaweza kuomba kibali cha bure cha kiasi kidogo: pakiti zisizozidi 50 kwa mzigo, na katika kila pakiti mbegu 50 au gramu 10.

Ua la Usambara nalo lilipita huku. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua aina 10 bora, na kutoka hizo zikatokea nyingi zilizofuata. Mwaka 1946 wapenzi wake waliunda chama. Siku hizi hawahangaiki sana na mbegu. Wanapelekeana jani moja tu, limefungwa kwenye karatasi laini yenye unyevu, kwa kuwa jani la ua hilo likichomekwa udongoni hutoa mche. Na wanalipeleka wakati wa machipuo, kwa maana kwenye baridi kali jani huganda njiani.

Tanga na Lushoto

Jani la wapenzi wale ndilo lililonirudisha Tanga nikiwa na nusu ya jibu mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini.”

Bibi huyu wa Ngamiani ana asumini ukutani, mrehani kwenye kopo na mlangilangi uani. Nilimwuliza mbegu za asumini anazihifadhi wapi. Akanitazama kwa huruma. “Asumini haina mbegu, mwanangu. Unakata kijiti, unakichomeka. Hii imetoka kwa marehemu shangazi yangu Pangani. Yake ilitoka Pemba.”

Ndivyo ilivyo. Asumini ya pwani ni nadra sana kuzaa mbegu. Huzalishwa kwa vipandikizi, na waridi la uani vivyo hivyo. Na hakuna sakitu ya kuviua. Kichaka kikishika, hudumu miaka, na mwenye nacho hukata kijiti mvua zinapoanza, akakifunga kwa gunia bichi au jani la mgomba na kumpa jirani, mkwe au konda wa basi. Kijiti hakivumilii wiki ndani ya mfuko wa barua. Kinahitaji mkono unaofika leo au kesho. Posta yetu nayo ilijengwa juu ya S.L.P.: barua huishia kwenye sanduku, na mwenyewe huifuata siku akipata nafasi. Mrehani, ambao una mbegu, ungeweza kungoja sandukuni; asumini ingekauka.

Historia ya hapa hapa inathibitisha jinsi kitu kibichi kinavyoteseka njiani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika Tanga hai vilikuwa 62. Mashamba yote makubwa ya mkonge ya Tanganyika yalianzia hapo. Mwaka mmoja kabla, mbegu za ua la Usambara zilikuwa zimekwenda upande wa pili zikiwa kwenye usingizi wao mkavu, nazo zikaota.

Kalenda pia tulikuwa nayo. Wazee wa pwani walihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, wakajua mwongo upi ni wa kupanda nini. Nairuzi ni mwaka mpya wa Kiajemi, ambao Iran huuadhimisha machipuo yanapoingia, Machi 20 au 21. Wetu huhesabiwa siku 365 bila siku ya ziada, kwa hiyo umesogea kidogo kidogo, na leo Makunduchi huoga Mwaka Kogwa mwezi Julai. Sikukuu ya machipuo imetufikia ikaachana na machipuo. Majira yetu ya kupanda yanabaki kuwa mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba.

Lushoto hewa ni baridi na bustani zinafanana zaidi na za Ulaya: hapa watu hupanda mbegu za pakiti, nyingi za kununua dukani. Lakini nilipouliza majina, jibu lilikuwa moja: “Ni maua tu, ya misheni.” Ua limekaa uani miaka 40, limegawiwa kijiji kizima, na hakuna ajuaye ni lipi wala lilitoka kwa nani. Decorah wangeshangaa.

Upande wa mashariki, katika hifadhi ya Amani, ua la Usambara lenyewe linaonekana kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito. Liko pale kwa kubanwa. Misitu iliyolilinda imepungua sana, na aina kadhaa za jamii yake ziko hatarini kutoweka. Amani pia inafundisha tahadhari. Wajerumani waliweka kituo cha utafiti hapo mwaka 1902 na kujaza bustani mimea ya kila pembe ya dunia. Baadhi haikukaa bustanini. Maesopsis eminii, mti wa misitu ya magharibi, umeenea ndani ya msitu wa asili, na gugu la Clidemia hirta limeshika kando za njia. Mimea hiyo nayo iliingia kwa wema, ikiwa kwenye pakiti na makasha ya wanasayansi.

Arusha

Ukitaka kuona mambo haya yote mahali pamoja, nenda Arusha. Umoja wa Posta wa Afrika, PAPU, una makao yake makuu hapa, na jengo lake jipya refu lilizinduliwa mwaka 2023. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iko Ngaramtoni. Na kwenye miteremko ya Meru na vijiji vya jirani kuna wakulima wanaolima maua kwa mkataba, si kwa ajili ya shada bali kwa ajili ya mbegu. Ua linaachwa likauke shambani, linavunwa kwa mkono, linapepetwa, na mbegu zinasafirishwa kwa gunia kwenda kwa kampuni za Ulaya, ambako hutiwa kwenye pakiti ndogo zenye picha. Baadhi ya mbegu ambazo Ulaya hupelekeana kusherehekea machipuo zimeiva kwenye jua la Arusha.

Mkulima wa huko huzijua mbegu zake kwa namba ya kampuni. Uani kwake hazipo. Mkataba haumruhusu kubaki nazo. Elimu ya kukausha, kupepeta na kutenga aina isichanganyike anayo yote, na ndiyo elimu ambayo mwanachama wa London hulipia ada kuipata.

Wakaguzi wa mimea wana mfano ambao hawahitaji kuutafuta mbali. Gugu maji la Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilitembezwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, halikukawia kuziba ghuba na mialo. Mvuvi wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa kwa nini mbegu na mimea vikaguliwe mpakani.

Hukumu yangu ni hii. Desturi ya kupeleka mbegu kwa barua ilizaliwa na sakitu na ikalelewa na posta ya mlangoni. Pwani hatuna sakitu, wala hatuna sababu ya kuitamani, na mkono wetu wa kupeana vijiti umefanya kazi nzuri kwa karne nyingi. Tunachokosa ni kuandika. Tumepoteza majina ya maua tuliyonayo, ya watu waliotupa, na ya mahali yalikotoka, mpaka mgeni aliyepeleka mbegu kwa baba yake akawa ndiye mwenye ua mbele ya dunia.

Basi msimu ujao, kabla ya masika au vuli, chagua mmea wako wenye mbegu: mrehani, zinia, alizeti, hina, lolote ulilolilea mwenyewe. Vuna kukiwa kukavu, anika kivulini siku kadhaa, kisha zikae usiku mmoja kwenye chombo kilichofungwa pamoja na mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, unaovuta unyevu. Tia kwenye karatasi, si nailoni. Juu yake andika jina kama linavyotajwa nyumbani kwako, jina la aliyekupa, mahali na mwaka. Mpelekee ndugu aliye mkoa mwingine, kwa posta au kwa basi, umwambie afuate mzigo siku hiyo hiyo. Mbegu zikiwa za kuvuka mpaka, hata kama ni za mwanao aliye Muscat, Toronto au Nairobi, zianzie kwa TPHPA au, ukiwa Kenya, kwa wakaguzi wa afya ya mimea wa huko, KEPHIS. Bila cheti, usizitie kwenye barua.